Namna ya Kutazama Marathoni Usiku Kucha: Mwongozo kwa Watu wa Mbulu na Hanang

Mpira wa miguu haudai mtazamaji aliyefundishwa. Mpira ukigusa wavu, hata mtoto aliyebebwa mgongoni anajua kuna jambo limetokea. Mbio ndefu za barabarani ni shughuli nyingine kabisa: saa mbili na zaidi, watu wembamba wanakimbia, hakuna bao, hakuna kadi, hakuna refa wa kulaumiwa. Ndiyo maana Mbulu na Hanang, nchi ya wakimbiaji tangu enzi za babu zetu, bado zina vijana wanaotaja kikosi kizima cha Arsenal pamoja na wachezaji wa akiba, lakini hawajawahi kukaa chini wakatazama marathoni moja ya ubingwa wa dunia tangu mlio wa bastola mpaka mtu wa mwisho. Mwongozo huu ni wao. Atakayeufuata atakuwa shabiki wa riadha kabla ya jogoo la pili.

Anza na saa. Ubingwa wa dunia huhamahama, leo bara hili, kesho lile, na hakuna anayepanga ratiba akimfikiria mtu wa Katesh. Marathoni ya wanaume ya Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, ilianza saa moja na nusu asubuhi kwa saa za Japani ili kulikwepa joto. Kwetu ilikuwa saa saba na nusu usiku, Jumapili ya kuamkia Jumatatu, wakati ambao mtu mwenye akili timamu amelala, na mbwa peke yao ndio wako kazini. Boston huwa Jumatatu ya Aprili, asubuhi yao, jioni yetu. Ni marathoni yenye adabu, unaitazama ukirudi shambani. Mashindano ya Dunia ya Mbio za Barabarani, yale ya nusu marathoni, kilomita tano na maili moja, yamepangwa kufanyika Copenhagen mwezi Septemba 2026, na Denmark tunaipita kwa saa moja tu. Hapo hakuna kisingizio cha usingizi.

Andika saa hiyo kwenye karatasi kwa Kiswahili, ibandike mlangoni. Tangazo likisema 1:30 kuna watu watakaofika saa moja na nusu jioni, wamevaa vizuri, wakute taarifa ya habari.

Jambo la pili ni mahali. Bando la simu litakusaliti kilomita ya 38. Chukua ushauri huu bila kuomba ushahidi. Nenda kwenye kibanda cha mpira, na nenda mapema, maana mazungumzo na mwenye kibanda yana hatua zake.

"Kaka, usiku wa Jumapili tunataka utufungulie tuone marathoni."

"Nani anacheza na nani?"

"Dunia nzima."

"Sawa, lakini nani na nani?"

Usikate tamaa hapo. Mwambie kuna Mtanzania anakimbia na Mkenya, Mwethiopia, Mganda, Mmoroko na Mjapani, wote kwa wakati mmoja, na hakuna muda wa mapumziko. Ataelewa kwamba ni kama fainali zimerundikwa pamoja, na atataja bei. Changeni, lipeni nusu mbele, na ndani ya hiyo nusu iwemo petroli ya jenereta, kwa sababu umeme haujui kilomita ya 40 ni nini. Mwambieni pia akague kama king'amuzi chake kina chaneli inayohusika. Wapo waliokesha wakitazama marudio ya ligi kwa kuwa mwenye kibanda aliona aibu kusema hana.

Usiku wa Mbulu una baridi, na usiku wa Hanang, upepo ukishuka kutoka mlimani, hauna tofauti kubwa. Wazee wa Kibarbaig wanaokuja na shuka zao watakuwa wamejiandaa kuliko vijana wote wa fulana za Simba na Yanga. Chai iwepo, ya maziwa, yenye tangawizi ya kutosha, na ipikwe kabla. Nasisitiza kabla. Mama zetu na dada zetu wasiwe jikoni wakichochea kuni wakati mbio zinaanza, halafu waje kusimuliwa mlangoni. Mstari wa mbele uwe wao. Mwaka 2023, kule Berlin, Mtanzania Magdalena Shauri alimaliza wa tatu kwa saa 2:18:41, siku ileile Tigist Assefa wa Ethiopia alipovunja rekodi ya dunia. Msichana wa darasa la saba anayeona jambo kama hilo akiwa amekaa mbele si sawa na yule anayesimuliwa akiwa ameshika birika.

Kabla ya siku yenyewe kuna zoezi moja la lazima. Nendeni kiwanja cha shule ya msingi, pimeni mita 100 kwa kamba, kisha kila anayetaka kutoa maoni usiku ule akimbie hizo mita 100 kwa sekunde 17 na nusu. Vijana wengi wataweza, tena watacheka. Sasa waambieni warudie mara 421 bila kusimama. Hiyo ndiyo kasi ya Gabriel Geay, mtoto wa Tlawi, hapa hapa Mbulu, aliyemaliza wa pili Valencia Desemba 2022 kwa saa 2:03:00 kamili. Kilomita moja kwa dakika mbili na sekunde 55, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka zitimie 42 na mita 195. Nimeona jinsi zoezi hili linavyowabadilisha watu. Mzungumzaji mkubwa wa kijiwe akifika mara ya tano hushika kiuno, hutazama chini, na tangu siku hiyo hasemi tena kwamba fulani "alizembea".

Sasa usiku umefika, bastola imelia, na jambo la kwanza mtakalotaka kufanya ni kumshangilia anayeongoza. Msifanye hivyo. Anayeongoza kilomita ya tano mara nyingi ni mtu anayejua kwamba hataongoza ya 35, na anachukua nafasi yake ya kuonekana nyumbani kwao. Mwacheni afurahi. Nyie tafuteni fulana ya Tanzania ndani ya kundi, na mkiiona imejificha katikati, mtu wa kumi au wa kumi na tano, shangilieni hapo. Kujificha ndiyo kazi yenyewe. Wa mbele anakata upepo kwa ajili ya wenzake wote, na wa katikati anaupata umekwisha kukatwa.

Kijana mmoja atauliza mbona wanakwenda taratibu kuliko Valencia. Ni swali zuri na lijibiwe vizuri. Mbio za miji, kama Valencia au Berlin, huajiri waongoza kasi, wakimbiaji wanaolipwa kuvuta wenzao mpaka kilomita ya 30 hivi kisha wakae pembeni. Zinachagua pia majira ya ubaridi na njia tambarare. Mashindano ya ubingwa hayana waongoza kasi, mara nyingi yana joto, na hakuna anayelipwa kwa muda. Analipwa kwa nafasi. Kila mmoja anamchunguza mwenzake. Ndiyo maana Tokyo mshindi alitumia saa 2:09:48, karibu dakika saba zaidi ya Geay wa Valencia, na bado ilikuwa mbio ngumu kuliko nyingi.

Mzee naye atauliza lake. Atasubiri kimya kitulie, aseme, "Hawa wanamkimbia nani?" Vijana wataangua kicheko. Wanyamazisheni, kisha mumwambie: shikamoo mzee, hawamkimbii mtu, wanasubiriana. Ataelewa kuliko wote. Mtu aliyewahi kuswaga ng'ombe siku mbili kwenda mnadani anajua kwamba mifugo haikimbizwi asubuhi, kwamba maji huonjwa njiani na hayanywewi mpaka tumbo lijae, na kwamba safari inaamuliwa mchana, kwenye mteremko wa mwisho, na yule aliyeweka nguvu. Nimewasikia wazee wa namna hiyo wakitabiri nani atachoka, kilomita kumi kabla mtangazaji hajaona kitu. Wanatazama mabega. Mkimbiaji akianza kupandisha mabega karibu na masikio, amekwisha, hata kama miguu haijapata taarifa.

Meza za maji nazo zitazamwe. Hukaa kila baada ya kilomita tano hivi, na kila nchi huweka chupa za watu wake. Anayeikosa chupa yake kilomita ya 15 atalipa kilomita ya 37. Shikeni kichwa chupa ikidondoka, pigeni kelele kama mnavyopiga penalti inapogonga mwamba.

Hapa katikati, kati ya kilomita ya 12 na ya 28, pana utulivu mrefu, na watu watasinzia. Mwongozo mzima ungekwama hapa kama si historia. Huu ndio wakati wa kuwapa watoto majina, na majina ni mengi kuliko muda.

Waambieni kuhusu Edmonton, mji wa Kanada ambao Watanzania wachache wanaweza kuuonyesha kwenye ramani, nao umetuheshimu mara mbili. Mwaka 1978 Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika kule, na kijana wa miaka ishirini, Gidamis Shahanga, jina ambalo mtu yeyote wa Hanang akilisikia anajua limetoka kwa Wadatooga, alishinda marathoni kwa saa 2:15:39, akawaacha wenyeji wa Kanada wakigawana fedha na shaba. Miaka minne baadaye, Brisbane, Shahanga huyohuyo alichukua dhahabu ya mita 10,000, na nyuma yake, kwa chini ya nusu sekunde, alikuwa Mtanzania mwingine, Zachariah Barie. Siku ya marathoni, Juma Ikangaa akakimbia saa 2:09:30 na kupata fedha kwa kupitwa sekunde 12. Mashindano mamoja, medali tatu za mbio ndefu.

Kisha Edmonton ya pili, tarehe 1 Oktoba 2005, Mashindano ya Dunia ya Nusu Marathoni. Fabiano Joseph alikuwa amemaliza wa pili Ureno mwaka 2003, na kule Ureno Martin Sulle alikuwa wa tatu. Jina la Sulle ukiliita sokoni Mbulu watageuka watu kadhaa. Mwaka 2004, New Delhi, Fabiano akawa wa pili tena. Mwaka wa tatu hakukubali. Alimaliza kwa saa 1:01:08, sekunde moja mbele ya Mubarak Hassan Shami wa Qatar, akawa bingwa wa dunia. Bingwa wa dunia, Mtanzania, umri wake hata miaka ishirini haujatimia. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi katika vibanda vyetu ni siku ya ligi ya Uingereza. Fikirini ni vibanda vingapi, kutoka Haydom mpaka Basotu, vilikuwa vimejaa watu jioni ile, macho yote kwenye runinga, na hakuna hata mtu mmoja ndani yake aliyejua kwamba Mtanzania anakimbilia ubingwa wa dunia. Jambo hili linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike.

Watoto wakiuliza kwa nini vitabu vya zamani vinasema wakimbiaji hawa walitoka Arusha, waambieni Mkoa wa Manyara umeanza mwaka 2002. Kabla ya hapo sisi sote tulikuwa Arusha kwenye karatasi, na sifa zetu nyingi zilibaki huko.

Mtu akisema riadha ni mambo ya zamani, mpeni 2023. Boston, Aprili, mvua na vilima, na Eliud Kipchoge, ambaye dunia ilimwona kama mtu asiyeshindika, yumo ndani ya mbio. Alimaliza wa sita. Wa pili, sekunde kumi nyuma ya Evans Chebet, alikuwa Geay. Wa pili Boston mwaka 2025 alikuwa Alphonce Simbu. Kama kuna aliyesinzia mpaka hapa mwamsheni, maana kilomita ya 30 inakaribia.

Kuanzia kilomita ya 30 hakuna kwenda chooni. Aliyekunywa chai nyingi ajue. Akiba ya sukari ambayo mwili umehifadhi kwenye misuli na kwenye ini humfikisha mkimbiaji karibu na hapo, na baada ya hapo kila mtu anakimbia na deni. Kundi la watu thelathini linakuwa kumi na watano, kumi na watano wanakuwa wanane. Hesabuni kwa sauti, kibanda kizima, kila kilomita: "Wanane! Saba!" Mwenye kibanda naye ataacha kuhesabu sarafu aanze kuhesabu watu. Mwite kaka, mpe nafasi akae.

Tokyo ilikwisha namna hii, na wale waliolala wasimuliwe mpaka wajute. Wakaingia uwanjani wachache, Simbu miongoni mwao, Amanal Petros wa Ujerumani mbele, Iliass Aouani wa Italia akiwafuata. Baada ya kilomita 42 barabarani, zilibaki mita za uwanjani, na Petros bado alikuwa mbele. Simbu alianza kuvuta. Mita za mwisho walikuwa bega kwa bega, Petros akajitupa mbele, akaanguka chini akiwa amevuka mstari, na hakuna aliyejua nani kashinda. Simbu mwenyewe hakujua. Walisubiri ubao. Wote saa 2:09:48. Picha ikaamua: sekunde 0.03 kwa Mtanzania. Mtu wa Singida, jirani yetu tunayepakana naye, askari wa JWTZ, akawa Mtanzania wa kwanza kuchukua dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Kabla yake tulikuwa na fedha ya Christopher Isegwe, Helsinki 2005, na shaba ya Simbu huyuhuyu, London 2017. Medali tatu katika historia yote, na zote tatu ni za marathoni. Sasa ulizeni: nchi ambayo kila medali yake ya mashindano hayo imetoka kwenye mchezo mmoja, ina vibanda vingapi vinavyoonyesha mchezo huo?

Wakati huo kibanda kitakuwa kimeinuka. Rukeni, kumbatianeni, mwageni chai. Halafu rudini mkae. Hapa ndipo watazamaji wengi wanapoharibu.

Msizime runinga. Kamera zikihama, mwombeni mwenye kibanda aache picha iwepo, kwa sababu baada ya mshindi kuna watu sitini barabarani bado, na kwa watu wa Mbulu kuna sababu ya pekee ya kuwasubiri. Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico, wakimbiaji 75 walianza marathoni ya Olimpiki katika mji ulio juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikuwa mmoja wao. Karibu na kilomita ya 19, katika kusukumana kugombea nafasi, alianguka. Goti likaumia vibaya, bega likagonga lami. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Sherehe ya medali ikapita, watu wakaanza kutoka, giza likaingia, na zaidi ya saa moja baada ya mshindi Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa, mbele ya watu elfu chache waliobaki. Saa 3:25:27. Wa 57 kati ya 57 waliomaliza. 18 walikuwa wameacha njiani.

Mbulu ilikuwa usiku wa manane, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja ya kumwonyesha. Ya kwanza ilikuja 1994. Hakuna mtu wa nyumbani aliyemwona akivuka mstari ule. Waliomwona ni wale wachache wa Mexico ambao hawakuwahi basi. Jibu lake kwa waandishi, kwamba nchi yake ilimtuma amalize mbio na si kuzianza tu, limezunguka dunia nzima, na serikali ilimtunuku nishani mwaka 1983.

Lakini nina ugomvi na jinsi tunavyomsimulia. Tunamsimulia kama mtu aliyechechemea, basi. Mtoto anakua akidhani Akhwari alikuwa mkimbiaji mbovu mwenye moyo mzuri. Somesheni sehemu ya pili. Mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, Akhwari alimaliza wa tano kwa saa 2:15:05. Linganisheni na muda uliompa Shahanga dhahabu miaka minane baadaye, 2:15:39. Yule mzee wa bandeji alikuwa na kasi ya bingwa. Alikwenda Mexico kushindana, akaangushwa, ndipo akaamua kumaliza. Ukiondoa kasi yake unaondoa nusu ya ushujaa, kwa sababu mtu asiyekuwa na la kupoteza haumii sana kuingia wa mwisho.

Kwa hiyo subirini wa mwisho wa Copenhagen, wa mwisho wa nchi yoyote. Pigeni makofi. Jenereta bado lina petroli.

Asubuhi inayofuata mtakuwa na macho mekundu, na kazi ya shabiki itakuwa ndiyo kwanza inaanza. Barabara ya kwenda Dongobesh, njia za Haydom, mteremko wa kuelekea Ziwa Balangida, zote zina vijana wanaokimbia alfajiri. Hamhitaji king'amuzi kuwaona. Dereva wa lori na dereva wa bodaboda, ukimkuta kijana anakimbia barabara ya vumbi, punguza mwendo mpaka umpite. Vumbi lako linaingia kwenye mapafu ambayo nchi hii inayahitaji. Usimpigie honi ya mzaha. Usimuulize anakimbilia wapi, swali la namna hiyo lilishajibiwa kibandani jana usiku.

Akiwa msichana, angalia zaidi. Yeye hupata honi nyingi kuliko kaka yake, na maneno ambayo kaka yake hayasikii. Mama mkubwa mmoja akisimama barabarani kila alfajiri na ndoo ya maji na kumsalimia kwa jina, maneno yale yatakoma katika wiki moja. Baba za wasichana hawa wasubirini mikutanoni, muwaulize kwa heshima kwa nini binti aliyeshinda mbio kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, hakufika UMISSETA, ile ya sekondari. Mara nyingi jibu ni nauli, au raba, au ndoa. Mawili ya kwanza yanatatuliwa na harambee ileile iliyolipia kibanda. La tatu lipelekwe kwa wazee na kwa sheria, bila kuchelewa.

Na kama kijiji chenu kinataka kufanya jambo moja litakalodumu, pimeni barabara. Kijana anayejifua kwa kubahatisha, kutoka kwenye mti ule mpaka kanisani, hajui kama ameongeza kasi au amefupisha njia. Barabara za mashindano makubwa hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kidogo kwenye gurudumu la mbele kinachohesabu mizunguko. Kwanza baiskeli inapitishwa kwenye kipande cha mita zinazojulikana ili kujua gurudumu linakula mizunguko mingapi, kisha inafuata njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaweza kupita, ikikata kona karibu kabisa na ukingo. Mwisho huongezwa mita moja kwa kila kilomita, ili njia isije ikaonekana fupi siku rekodi ikivunjwa. Ulizeni chama cha riadha cha mkoa kuhusu kifaa hicho na mtu anayekijua. Kilomita tano zilizopimwa, zikiwa na alama ya rangi kila kilomita kwenye jiwe lisilohamishika, zinatosha kuanza. Chagueni Jumapili, alfajiri kabla ya ibada ya kwanza, magari yakiwa machache, na waendesha baiskeli wawe wawili ili vipimo vyao vilinganishwe.